Pacha Niliyempata Simuni Alikuwa wa Mwenzangu

Ijumaa, tarehe 3 Mei. Mvua ilianza alfajiri, ikakatika watu walipokuwa wanatoka msikitini, kisha alasiri ikarudi ya manyunyu. Ziwa limejaa. Mwalo mzima leo hakuna aliyeanika dagaa.

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mkazi wa Ujiji. Mume nilikuwa naye, tukaachana kwa amani, mtoto hatukujaliwa. Kazi yangu ni kununua dagaa wabichi mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia, kuwaanika na kuwauza wakishakauka. Shule niliishia darasa la saba. Nina mazoea ya kuandika siku yangu kila jioni, lakini sijawahi kuandika kitu ili kisomwe na watu. Mtanisamehe mpangilio ukinipotea... Nimefuta hapa mara nyingi kuliko nilivyoandika.

Nitajitahidi nisimwonee mtu. Katika haya yaliyonikuta nimemtafuta mbaya wangu nimtupie lawama zote, simpati. Pengine ndiyo maana yananiuma kiasi hiki!

Jina langu ni Bukuru. Asiyetoka pande hizi aelewe: kwa Warundi, na kwa Waha wa hapa Kigoma pia, mapacha hawachaguliwi majina. Anayetangulia kuzaliwa ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi. Ndivyo ilivyo kila nyumba, kila kilima. Ukisikia mtu anaitwa Bukuru, hata humjui, unajua yupo au alikuwepo Butoyi wake.

Mimi wangu nilitengana naye tukiwa na miaka sita, tulipokimbia vita Burundi. Tulivuka ziwa kwa mitumbwi miwili. Mimi nilipandishwa wa kwanza na shangazi, dada yake baba. Mama na Butoyi walipanda wa pili. Wetu ulifika, wao sikuuona. Shangazi naye aliugua kipindupindu siku chache baada ya kufika, akafariki. Akanichukua mama mmoja wa Ujiji, mfanyabiashara wa dagaa, aliyekuwa palepale ufukweni tulipofikia. Anaitwa Bi Tatu. Hakuwahi kuzaa. Alinibeba mpaka nyumbani kwake nami nikiumwa kipindupindu hichohicho, akaniuguza, akanilea katika dini yake, akanisomesha, akanifundisha kazi yake. Jina hakunibadilisha. Alisema jina la pacha halichezewi.

Nilipomuuliza Butoyi yuko wapi, alinijibu, "Mwenzako alielekea upande mwingine, mwanangu." Nikakua na jibu hilo. Kila Idi Bi Tatu alininunulia kitambaa, akanunua na cha pili kinachofanana, akampa mtoto wa jirani. Alisema pacha hapewi kitu peke yake. Niambieni, mtoto anayelelewa hivyo ataacha vipi kuamini kuwa mwenzake yupo mahali anamngoja?

Basi nilingoja, miaka na miaka... mpaka zilipokuja simu hizi za kugusa.

Aliyenifungulia mlango ni Mama Riziki, mwenzangu wa mwaloni. Tulikuwa tunaanika ubavu kwa ubavu tangu tukiwa wasichana. Yeye ndiye aliyenionyesha kundi la mtandaoni ambalo watu waliotawanywa na vita wanatafutana humo, walioko kambini, walioko Ulaya, waliorudi kwao. Nilisoma habari za watu waliopatana baada ya miaka ishirini, nikalia kama nawajua.

"Na wewe andika," Mama Riziki akaniambia. "Unaogopa nini? Simu haing'ati."

Niliandika. Na hapa ndipo penye kosa, ingawa siku ile sikuliona. Niliandika yote niliyokuwa nayo! Kwamba mimi ni Bukuru, namtafuta Butoyi wangu, wa kike, tulipotezana tukivuka ziwa tukiwa na miaka sita, yeye akiwa na mama. Jina la mama sikulijua. Mtoto wa miaka sita anajua mama anaitwa mama, na majirani wanamwita Mama Bukuru. Baada ya kumwaga yote pale, sikubakiza hata swali moja la kumpima nalo mtu.

Haikuisha wiki, akajibu mwanamke mmoja aliyeko Kanada. Alipelekwa huko kutoka kambini, na ile mipango ya kuhamisha wakimbizi. "Mimi ni Butoyi," aliandika. "Namtafuta Bukuru wangu. Tulitengana mtoni... au ziwani, watu wananiambia ziwani. Mama pia nilipotezana naye. Mwene mama, ni wewe?"

Mwene mama. Ndugu yangu wa tumbo moja. Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo duniani.

Alipiga simu ya picha. Nikamwona. Paji la uso ni langu, meno ni yangu! Au niliona nilichotaka kuona? Leo nikiangalia picha yake nasema tunafanana, kesho yake naangalia nasema hata kidogo. Siku ile sikuwa na shaka. Tulilia tu mpaka bando langu likaisha.

Kuanzia hapo tukawa watu wa kila siku. Yeye alikuwa anafanya usafi hospitalini zamu ya usiku, na muda wake wa kupumzika kwao, kwetu jua limeshapanda, dagaa wako mchangani. Nilinunua hedifoni nikawa naanika huku naongea naye. Yeye na Kirundi chake, mimi na Kiha cha mtaani, na Kiswahili kikijaza katikati. Tulielewana.

Tulikumbushana utoto. Nataka mnisome vizuri hapa, kwa sababu watu wamemwita tapeli, na mimi nasema si tapeli. Hakuniomba kitu, hakuniahidi kitu. Tulikuwa watoto wawili wenye vipande vichache, kila mmoja akimpa mwenzake cha kwake. Mimi nikisema nyumbani kulikuwa na mbuzi, baada ya siku mbili yeye anamkumbuka mbuzi. Yeye akisema siku ya kukimbia tulivaa magauni ya njano, nami nikifumba macho nayaona ya njano. Mwisho sikujua kipi nilikuwa nacho na kipi nimepewa. Naye hakujua. Hivyo huo ni uongo? Mimi nimeshindwa kuupa jina.

Siku moja nilimsimulia Bi Tatu habari ya hayo magauni. Alikuwa kibarazani anachagua mchele. Akasema bila kuinua kichwa, "Yalikuwa ya bluu. Yote mawili."

Nikacheka. "Mama, langu uliliona. La Butoyi uliliona wapi?"

Mkono wake ukasimama kwenye ungo. Kisha akasema, "Si nimesema tu. Mapacha si huvalishwa sare?" Akaendelea kuchagua.

Sikulitia maanani. Nililoliona ni lingine, kwamba Bi Tatu hampendi Butoyi. Nilimletea simu amsalimie, akasema macho yanamuuma. Butoyi akimwamkia, "Shikamoo mama," yeye anaitikia marahaba huku anainuka kwenda jikoni. Nikamwambia Butoyi, mama yangu huyu ana wivu. Nilisema hivyo kwa mtu wa mbali juu ya mtu aliyeniosha kinyesi cha kipindupindu kwa mikono yake!

Huku mwaloni nako mambo yakaanza kuharibika. Kwetu kuna utaratibu ambao hakuna aliyeutangaza. Wingu likifunga, hakuna tena dagaa wa fulani na wa fulani. Kila mtu anakusanya walio karibu naye, wawe wa nani, na wa kwako atakukusanyia aliye karibu nao. Tungefanya vinginevyo tusingekula. Tena wakati wa kuanika ndio wakati wetu wa kuongea. Hapo ndipo unajua nani kafiwa, nani binti yake kaposwa, nani kalala bila kula. Mimi nilikuwa na hedifoni. Wakinisemesha natabasamu, natikisa kichwa, nawaonyesha kidole subiri.

Wakanipa jina. "Mkanada kaja!" Nami niliona ni utani, nikacheka nao.

Ikaja siku Mama Riziki kampeleka mtoto zahanati, dagaa wake kawaacha miguuni pangu, kama siku zote. Butoyi alikuwa ananisimulia ndoto aliyomwota mama. Mvua ikaja kutoka milima ya Kongo, mimi nimeligeuzia ziwa mgongo. Nilichoshtukia ni matone kwenye kioo cha simu. Wangu, waliokuwa mbele kule, walishakusanywa na wenzangu zamani. Wa Mama Riziki wote walilowa, wakaoza.

Aliporudi hakunigombeza. Aliwatazama tu, akakaa chini. Mwanamke mmoja, Mama Shukuru, ndiye aliyesema kwa sauti, "Mwache bwana. Huyo yuko Kanada, kule inanyesha theluji. Mvua ya Ujiji ataionea wapi?"

Wakacheka. Mama Riziki hakucheka. Toka siku ile akahamia kuanika upande wa pili. Nilimwomba radhi, akasema yamekwisha. Yamekwisha, lakini hakurudi pembeni yangu. Na mimi nilifanya nini? Nilienda kumwambia Butoyi kuwa watu wa huku wana roho mbaya! Naye, kwa kunipenda, akaniunga mkono. Angeniambia nini tena, na yeye haoni ila uso wangu?

Ya nyumbani ndiyo yaliyozidi. Jioni moja Bi Tatu aliniambia kwa upole, "Mwanangu, hii simu inakula roho yako. Huyo mtu... usimwegemee hivyo. Huna hakika naye."

Butoyi alikuwa hewani, anasikia. Niliona aibu, hasira ikanipanda. Nikamjibu, "Mama, huyu ni damu yangu. Tumelala tumbo moja. Wewe umenilea tu."

Umenilea tu! Lile neno dogo la mwisho nalisikia mpaka leo. Bi Tatu aliingia chumbani. Kesho yake alifunga mfuko wake, akasema anakwenda Ilagala kumsalimia kaka yake. Nilimsindikiza mpaka kwenye gari, nikambebea mfuko, hedifoni moja ikiwa sikioni. Alikwenda kusalimia, akakaa miezi. Nikimpigia anasema magoti, anasema barabara mbaya, anasema atakuja. Kwa kusema ukweli nilimpigia mara chache.

Wasomaji wenzangu, nilikuwa nyumba nzima peke yangu na sikujua kuwa niko peke yangu. Si nilikuwa na Butoyi? Nikila naiegemeza simu kwenye jagi la maji, tunakula wote. Nikilala namwacha hewani mpaka bando likate. Mlango ulikuwa haubishwi hodi, na mimi sikuona kama haubishwi.

Kisha ikaja ile siku. Butoyi alipiga saa isiyo yake, analia na kucheka pamoja. "Mwene mama! Mama yupo! Mama yu hai!"

Nilidondosha beseni. Mtu mmoja kambini, hukuhuku mkoani kwetu, barabara ya kuelekea Kasulu, alikuwa ameandika kwenye kundi kwamba kuna mama mtu mzima jirani yake anamtafuta mwanawe Butoyi aliyepotea wakati wa vita. Walishaongea kidogo kwa sauti, mtandao ukakata. Mama amemkumbuka kwa kovu la moto mkononi. Kesho jirani yule ataazima simu nzuri, tuonane wote watatu.

Jamani... mama yangu! Na yuko mwendo wa gari moja tu! Miaka yote nimepita na mizigo ya dagaa Kidahwe, barabara hiyohiyo, pengine alikuwa mbele kidogo ya pale! Nilikimbia mwaloni nikapiga kelele kama mwendawazimu. "Mama yangu yu hai! Mama yangu yuko kambini!" Wanawake wakasahau yote, wakanikumbatia, wakapiga vigelegele. Mama Shukuru mwenye mdomo wake alilia kuliko wote. Mama Riziki alikuja kutoka upande wake akanishika mikono, akaniambia, "Mungu mkubwa, Bukuru." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita jina langu tangu ile mvua.

Bi Tatu sikumpigia. Nilisema nitampigia nikishamwona mama, nimwonyeshe kuwa nilikuwa na hakika.

Siku ya pili nilioga, nikavaa gauni la Idi, nikajifunga kilemba. Simu ikaita. Upande mmoja Butoyi, upande mwingine giza, kisha turubai, kisha uso wa bibi mmoja mwembamba mwenye kitambaa kichwani.

Walianza kulia wao wawili. Bibi akamwambia anyooshe mkono, Butoyi akapandisha sweta, kovu lile hapo. Bibi akalilia kovu, akalibusu simuni. Mimi nangoja zamu yangu. Ndipo Butoyi akasema, "Mama, tazama na huku. Bukuru naye yupo. Nilimpata mimi!"

Bibi akanitazama.

Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Hakuitikia. Alisogeza simu karibu na macho. Alinitazama taratibu, paji, mashavu, kama mtu anayesoma. Kisha akageuza simu pembeni. Palikuwa na mwanamke wa rika langu, amekaa mkekani, ana mtoto mgongoni, naye anajifuta machozi.

"Bukuru ni huyu," bibi akasema. "Hatujaachana naye hata siku moja." Halafu akasema kwa Kirundi, kwa sauti ya huruma, hakusema kwa ubaya, naomba mniamini hakusema kwa ubaya, "Uyu si umwana wanje." Huyu si mwanangu.

Nilisikia. Kiha na Kirundi ni jirani, ningetamani siku ile visingekuwa jirani.

Butoyi alishika mdomo. Yule mwanamke wa mkekani, Bukuru mwenyewe, akanipungia mkono kwa aibu kama aliyenikalia kiti changu. Nami nikampungia... Nikawaambia hongereni. Nikasema mtandao unasumbua, nikakata.

Nilikaa na gauni langu la Idi mpaka jua likazama. Nilitaka kumwambia mtu. Ni nani? Mtu niliyekuwa namwambia kila kitu ndiye huyo huyo! Nilishika simu nimpigie Butoyi nimweleze kuwa nimefiwa na Butoyi. Mmewahi kuona mtu anayekosa hata wa kumlilia? Mwaloni wananisubiri niwape habari za mama. Nitawaambia nini, na vigelegele vyao bado vinalia masikioni?

Butoyi alinipigia kesho yake. Aliniomba msamaha, tukalia tena wote wawili. Alisema, "Wewe ni dada yangu vilevile, hakuna kitakachobadilika." Najua alimaanisha. Lakini alikuwa na mama wa kuongea naye sasa, na pacha wake, na watoto wa pacha wake, na saa za kupumzika ni zilezile. Kila siku ikawa kila wiki. Kila wiki ikawa salamu za sikukuu na picha ya maua. Simlaumu. Mimi ningempata mama, ningefanya tofauti?

Nilipanda gari nikaenda Ilagala. Sikumwarifu Bi Tatu. Nilimkuta uani kwa kaka yake, kakaa kwenye mkeka, kapungua. Nikamwangukia mapajani, nikamweleza yote mpaka ya bibi wa kambini. Nilitegemea aseme "si nilikwambia?" Ningestahili.

Badala yake alianza kulia yeye. Sijawahi kumwona Bi Tatu analia. Akasema, "Nisamehe mwanangu. Mimi nilijua. Tangu siku ya kwanza nilijua siye."

"Ulijuaje, Mama?"

"Butoyi wako nilimzika mimi."

Kisha akanisimulia. Mtumbwi wa pili ulipinduka karibu na kufika. Wavuvi waliwatoa watu majini wakawalaza kwenye mchanga, ufukwe mmoja kaskazini ya mji ambako Bi Tatu alikuwa amekwenda kununua dagaa. Mama alikuwa amemfunga Butoyi kiunoni mwake kwa kitenge, asije akampotea. Hawakufunguliwa, walizikwa hivyohivyo, pamoja. Bi Tatu alitoa kanga yake kuwafunika. Alipoinua macho akaniona mimi, uso uleule, gauni lilelile la bluu, nimesimama kwa mbali na shangazi, nauliza mwenzangu yuko wapi. Shangazi akamwambia nisiambiwe, nitakufa kwa huzuni, pacha humfuata pacha. Siku chache shangazi akafa, siri akabaki nayo Bi Tatu.

"Kila mwaka nilisema nitakwambia mwakani," alisema. "Ukawa msichana, nikasema akiolewa. Ukaolewa, nikasema akitulia. Kisha ukaja na simu, unacheka kama sijawahi kukuona ukicheka. Ningekuambia vipi, Bukuru? Ningekuambia vipi kwamba unayeongea naye siye?"

Nitasema yote, hata yasiyonipendeza. Nilimfokea. Nilimwambia amenilia miaka thelathini, amenificha kaburi la mama yangu, amegawa vitambaa vya Idi kwa jina la mtu aliye mchangani. Kaka yake alitoka ndani akaniambia niondoke kwake. Nikaondoka. Nikafika mpaka barabarani, gari likaja, likasimama, likaondoka bila mimi. Nikarudi uani. Bi Tatu alikuwa palepale, hata mkao hakubadilisha.

Nikamwambia, "Twende nyumbani, Mama."

Wiki iliyofuata alinipeleka kwenye ule ufukwe. Tulikwenda kwa mtumbwi wa mashine, nimemshika asiteleze. Alitafuta kwa macho muda mrefu. Alimuuliza mzee mmoja mwenye duka la nyavu palikuwa na makaburi ya wakimbizi wapi. Mzee akatuonyesha kwa kidole, mbele, kwenye maji. Miaka hii ziwa limepanda, limechukua nyumba, limechukua mwalo wa zamani, limechukua na makaburi. Vijana walikuwa wanaoga palepale.

Nilisimama maji yakanifika magotini. Nilitaka kuita jina, nikaogopa. Jina lile nimeshamwita mtu mwingine kwa zaidi ya mwaka mzima, kwa mapenzi yote niliyokuwa nayo. Yangebaki yapi ya kumwita mwenyewe?

Ndiyo maana leo tumesoma dua hapa nyumbani, ya mama na ya Butoyi. Walikuwa Wakristo, na mimi sijui kama nimekosea kuwasomea dua ya Kiislamu. Nilimwalika mama mmoja Mrundi kutoka Simbo, akasali kwa Kirundi baada ya shehe kumaliza. Mungu atachambua. Wanawake wa mwaloni nilikwenda kuwaalika mmoja mmoja, kwa miguu, simu nimeiacha nyumbani. Walikuja kama nusu yao. Mama Shukuru alikuja kuosha vyombo, akanong'ona eti leo theluji imeyeyuka, tukacheka huku tunalia. Mama Riziki hakuja. Nilimtazamia mpaka mwisho, hakuja. Ana haki yake.

Wasomaji wenzangu, sisemi mtupe simu. Ile simu ilimrudishia mama mmoja wa kambini mwanawe, kwa macho yangu nimeona, na siwezi kulisema vibaya jambo lile. Yule mama angekufa bila kuliona kovu la mwanawe. Lakini nawaomba, wewe uliyepotelewa na mtu na unamtafuta humo ndani, usimwage yote uliyonayo mbele ya usiyemjua. Bakiza moja la kumuulizia. Na ukimpata, hata akiwa ndiye kweli, usimpe nafasi ya walio karibu nawe. Anayekuita kwa mbali hawezi kukukusanyia dagaa mvua ikija. Hakosi mapenzi, mikono yake haifiki! Mimi nilitazama uso mmoja kwenye kioo mpaka nikasahau nyuso zilizokuwa zinanitazama. Sasa nyingine zimegeuka, na sijui kama zitarudi.

Nikiwa na mambo ya kukosea yaliyobaki, nayaombea yasiwe haya tena.

Jioni hii tumekula ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwa letu, iliyopikwa kwa mawese, mimi na Bi Tatu. Nilimchambulia miiba. Alikula matonge matatu, akasema ameshiba, akanisogezea kipande chake cha mgongo, nikakila.